Usiache Mbachao: Mofini na Ahadi ya Dawa Mpya za Maumivu

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu makali ni adhabu ya namna hiyo: hayaonekani katika picha ya eksirei, hayapimwi kwa kipande cha karatasi kilichochovywa katika damu, na anayeyajua kwa hakika ni yule tu anayeyabeba. Homa ina kipimajoto chake, shinikizo la damu lina mashine yake, sukari ina kipimo chake. Maumivu yana neno la mgonjwa peke yake, na neno la mgonjwa katika wodi iliyojaa huwa la mwisho kusikilizwa.

Katika miaka ya karibuni zimetangazwa habari za kutia moyo kutoka maabara za nchi tajiri. Zinatafutwa dawa mpya za jamii ya opioidi, zinazotarajiwa kutuliza maumivu kama mofini bila kudhoofisha pumzi, bila kufunga choo na bila kumwingiza mtumiaji katika uraibu. Utafiti huo ni wa lazima na unastahili heshima. Hata hivyo, Afrika ya Mashariki inapoupokea inakabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kuziamini ahadi hizo kabla hazijathibitika. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kuifanya dawa isiyofika bado kuwa kisingizio cha kutoitoa dawa iliyopo. Mofini ya kunywa ni ya bei nafuu, tabia zake zinajulikana, na mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku wa leo hawezi kuambiwa asubiri molekuli ya kesho.

Mlango mmoja, vyumba vingi

Ili kuelewa kinachotafutwa, ni vyema kuanza na kinachojulikana. Afyuni, utomvu wa mmea wa mpopi, imetumika kutuliza maumivu kwa maelfu ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kuitenga mofini kutoka katika utomvu huo. Lakini namna inavyofanya kazi ilibaki kitendawili hadi mwaka 1973, pale maabara tatu zilipoonyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba ubongo una vipokezi maalumu vya dawa hizo: Candace Pert na Solomon Snyder katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Eric Simon mjini New York, na Lars Terenius mjini Uppsala nchini Uswidi. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen nchini Uskoti, waligundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza vitu vya kutuliza maumivu vinavyotumia vipokezi hivyohivyo. Mofini, kumbe, ni mgeni aliyeingia kwa ufunguo wa mwenye nyumba.

Kipokezi ni protini iliyokaa katika utando wa seli. Sehemu yake ya nje huipokea dawa, na sehemu yake ya ndani hupeleka habari. Vipokezi vikuu vya opioidi vimepewa majina ya herufi za Kigiriki: mu, delta na kappa. Mofini hufanya kazi hasa kupitia mu. Inapokaa juu ya kipokezi hicho, seli ya neva hupunguza kuingiza chembe za kalsiamu na huongeza kutoa chembe za potasiamu. Matokeo yake ni kwamba seli hupoa, na taarifa ya maumivu inayopita katika uti wa mgongo kuelekea ubongoni hufifia.

Tatizo ni kwamba kipokezi hichohicho kimo pia katika shina la ubongo, mahali panaposimamia kupumua. Kimo katika utumbo, ambako hupunguza mwendo wa chakula. Na kimo katika njia za ubongo zinazoleta hisia ya raha. Mwaka 1996 watafiti nchini Ufaransa walichunguza panya waliozalishwa bila kipokezi cha mu. Mofini haikuwatuliza maumivu, na wala haikuwafanya waitamani au waitegemee. Jaribio hilo lilidhihirisha jambo ambalo kila mtoa huduma anapaswa kulikumbuka: neema ya mofini na madhara yake huingia kwa mlango mmoja.

Tumaini lililopungua

Je, haiwezekani kuufungua mlango huo kwa namna ambayo mgonjwa atapata nafuu pasipo madhara? Hilo ndilo swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani waliripoti kwamba panya wasio na protini iitwayo beta-arestini 2 walipata nafuu kubwa zaidi na ya muda mrefu zaidi kutokana na mofini. Mwaka 2005 ikaripotiwa kwamba panya wa namna hiyo hawakupungukiwa pumzi wala kufunga choo kama wenzao. Wazo likazaliwa: huenda kipokezi kina njia mbili ndani ya seli, moja ya protini za G inayoleta nafuu, na nyingine ya arestini inayoleta madhara. Kama dawa ingeweza kuichochea njia ya kwanza na kuiacha ya pili, tatizo la karne nyingi lingekuwa limepata jawabu.

Lilikuwa wazo zuri, na vifaa vya kulifanyia kazi vilikuwa tayari. Mwaka 2012 umbo la kipokezi cha mu lilichapishwa likiwa limechorwa hadi kiwango cha atomu, na mwaka huohuo Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu ya ukoo wa vipokezi ambao mu ni mmoja wao. Mwaka 2016 kundi la watafiti lilitumia kompyuta kupembua molekuli zaidi ya milioni 3 ili kuona ipi ingekaa vizuri ndani ya kipokezi hicho. Kutokana na upembuzi huo ikapatikana molekuli iliyopewa jina PZM21, iliyosemekana kuwatuliza panya maumivu bila kuwazuia pumzi.

Kisha sayansi ikafanya kile ambacho sayansi njema hufanya: ikajikagua. Mwaka 2018 watafiti wa Bristol nchini Uingereza walionyesha kwamba PZM21 hupunguza pumzi ya panya kama mofini ifanyavyo. Mwaka 2020 maabara tatu zilizo katika nchi mbalimbali zilirudia jaribio la panya wasio na arestini, na zote zikakuta kwamba mofini iliwapunguzia pumzi sawa na panya wa kawaida. Maelezo mengine yakaanza kupata nguvu, kwamba baadhi ya dawa hizo mpya zinaonekana salama kwa sababu tu zinakichochea kipokezi kwa nguvu ndogo, si kwa sababu zimechagua njia njema na kuikwepa mbaya.

Dawa ya kwanza ya kundi hilo kufika hospitalini ni oliseridini. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliikataa mwaka 2018, kisha ikaikubali mwezi Agosti mwaka 2020, itolewe kwa njia ya mshipa na chini ya uangalizi wa hospitali. Ilikubaliwa ikiwa imebeba tahadhari ya ngazi ya juu kama ndugu zake wakongwe, ikitaja hatari ya uraibu na ya kupungukiwa pumzi. Ni dawa halali, na huenda ikawafaa baadhi ya wagonjwa baada ya upasuaji. Lakini haikuwa ule ufunguo uliotangazwa.

Kumbukumbu ya ahadi za zamani

Mhudumu wa afya anayesikia habari ya opioidi isiyo na hatari ana haki ya kuuliza maswali, kwa kuwa ahadi hiyo si ngeni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kuwa dawa ya kikohozi, na ikasifiwa kuwa salama kuliko mofini katika suala la uraibu. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1996, kidonge cha OxyContin kiliingia katika soko la Marekani kwa maelezo kwamba, kwa kuwa kinatoa dawa polepole, hatari yake ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika ilikiri mahakamani kosa la kuinadi dawa hiyo kwa maelezo ya kupotosha. Wakati huo mkondo wa maafa ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2022 pekee Marekani ilipoteza watu zaidi ya 80,000 kwa vifo vilivyohusisha opioidi, vingi vikitokana na fentanili ya magendo.

Fentanili nayo ina fundisho lake. Ilitengenezwa na Paul Janssen nchini Ubelgiji mwaka 1960, na hadi leo ni dawa ya thamani kubwa katika chumba cha upasuaji. Molekuli ileile inayomwezesha daktari wa usingizi kumfanyia mtu upasuaji wa moyo ndiyo inayoua mitaani. Kwa hiyo usalama wa dawa ya maumivu haumo katika molekuli peke yake. Umo pia katika mkono unaoitoa, kipimo kinachoandikwa, rejesta inayotunzwa, na ukweli anaoambiwa mgonjwa.

Hayo hayafuti thamani ya kutafuta. Zipo njia nyingine zinazoendelea kuchunguzwa, na baadhi zina mantiki ya kuvutia. Mjini Berlin watafiti wametengeneza aina ya fentanili inayokusudiwa kukishika kipokezi pale tu penye tindikali nyingi, yaani mahali palipojeruhiwa au kuvimba, na katika panya ilituliza maumivu bila kuleta madhara ya ubongoni. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha difelikefalini, dawa inayochochea kipokezi cha kappa nje ya ubongo, kwa ajili ya muwasho mkali unaowatesa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Na mwezi Januari mwaka 2025 iliidhinishwa suzetrijini, ambayo si opioidi hata kidogo: huziba mlango wa sodiamu katika neva za pembezoni kabla taarifa ya maumivu haijasafiri. Hii ya mwisho ni hatua ya kweli. Lakini bei yake iliyotangazwa nchini humo ni zaidi ya dola 15 kwa kidonge kimoja, na imeidhinishwa kwa maumivu ya muda mfupi tu.

Maumivu ya nani yanapimwa?

Lipo swali ambalo halisikiki mara nyingi katika shangwe za dawa mpya: dawa hizo zimejaribiwa kwa nani? Majaribio makuu ya oliseridini na ya suzetrijini yalifanywa kwa watu waliotoka katika aina mbili za upasuaji: wa kunyoosha mfupa wa kidole gumba cha mguu, na wa kuondoa ngozi na mafuta yaliyolegea tumboni. Wataalamu wana sababu zao za kuuchagua upasuaji huo. Wagonjwa wake ni wenye afya njema kwa ujumla, na maumivu yao hufuata mwendo unaojulikana, hivyo ni rahisi kulinganisha dawa moja na nyingine. Lakini hayo siyo maumivu yanayojaza wodi za Dar es Salaam, Mwanza, Kisumu au Mbarara. Huko kuna saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa ikiwa imechelewa, kuna mtoto mwenye selimundu aliyeshikwa na maumivu ya mifupa usiku wa manane, kuna aliyeungua kwa mafuta ya taa, na kuna dereva wa bodaboda aliyevunjika paja.

Tofauti haiko katika ugonjwa tu, imo pia katika miili. Kodeini ni mfano mzuri. Yenyewe ni dhaifu. Ini ndilo linaloigeuza sehemu yake kuwa mofini kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Wapo watu waliozaliwa na nakala za ziada za jeni ya kimeng'enya hicho, na kwao kipimo cha kawaida hutoa mofini nyingi kwa haraka. Utafiti juu ya Waethiopia uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta kwamba takriban 29% ya waliopimwa walikuwa na nakala hizo za ziada, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na cha watu wa Ulaya ya Kaskazini. Kwa upande mwingine, miongoni mwa Watanzania na Wazimbabwe imeonekana kwa wingi aina ya jeni hiyo inayopunguza kasi ya kimeng'enya. Kidonge kilekile, basi, chaweza kumzidi jirani mmoja na kumpungukia mwingine. Tramadoli nayo hutegemea kimeng'enya hichohicho ili kupata sehemu kubwa ya nguvu yake ya opioidi. Mwaka 2017 mamlaka za Marekani zilitoa katazo la kodeini na tramadoli kwa watoto walio chini ya miaka 12, kwa sababu baadhi yao walipungukiwa pumzi hadi kufa.

Funzo liko wazi. Dawa mpya iliyopimwa kwa watu wa bara jingine haiwezi kupokelewa kana kwamba imekwisha kupimwa hapa. Vyuo vikuu vya tiba vya Afrika ya Mashariki vina wataalamu wa famasia, vina maabara za jeni na vina wagonjwa ambao maumivu yao hayajaandikwa popote. Nafasi yao katika utafiti wa opioidi haipaswi kuwa ya kungoja mwishoni mwa mstari ili wapokee kisichotengenezwa kwa ajili yao. Wanapaswa kuwepo tangu mwanzo, wakiuliza maswali yanayowahusu.

Chupa iliyopo

Wakati utafiti ukiendelea, upo ukweli mwingine ambao hauhitaji maabara. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi, zikihesabiwa kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, ni tani 0.1 tu iliyofika katika nchi zenye kipato cha chini. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 61 duniani hupata mateso makubwa yatokanayo na maradhi kila mwaka, na kwamba zaidi ya 80% kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tofauti ya namna hii haiwezi kuelezwa kwa upungufu wa sayansi. Dawa inayotakiwa ilikwisha kugunduliwa kabla babu za babu za wagonjwa hao hawajazaliwa.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, Uganda imeonyesha. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na tangu mwanzo mofini ya kunywa ikawa nguzo ya huduma hiyo. Unga wa mofini huagizwa kutoka nje, huchanganywa na maji na dawa ya kuhifadhi, hutiwa rangi ili kutofautisha nguvu, kisha hutiwa katika chupa. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini, na serikali ikaifanya dawa hiyo itolewe bila malipo kwa mgonjwa anayeihitaji. Nchi hiyo si tajiri kuliko jirani zake, na haikungoja kuwa tajiri. Nchini Kenya hospisi ya Nairobi ilifungua njia mwaka 1990, na Tanzania Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa kwa miaka mingi kitovu cha mofini ya kunywa. Msingi upo. Kinachopungua ni kuufikisha ujuzi na chupa hadi hospitali za wilaya, vituo vya afya, na nyumba ambamo watu wengi huishi siku zao za mwisho.

Kizuizi kikubwa katika safari hiyo mara nyingi ni hofu. Ipo hofu ya mgonjwa, anayeamini kwamba akianzishiwa mofini ndiyo basi, anaandaliwa kufa. Ipo hofu ya ndugu, wanaodhani kwamba mzee wao atakuwa mlevi. Ipo hofu ya mtoa huduma, anayeogopa pumzi ya mgonjwa na pia mkono wa sheria. Kila moja ya hofu hizi inastahili jibu la heshima, si dharau.

Mofini haimwiti mauti. Mgonjwa aliyepata nafuu hulala, hula, huongea na wanawe, na wapo wanaoitumia kwa miezi au hata miaka huku wakiendelea na shughuli zao. Kuhusu pumzi, hatari ipo, lakini inapungua sana pale dawa inapoanzishwa kwa kipimo kidogo, ikaongezwa hatua kwa hatua kwa kufuata maumivu, na mgonjwa akaangaliwa, hasa aliye mzee au mwenye figo dhaifu. Mofini ya maji ya kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, na kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja na mofini tangu siku ya kwanza. Mwili kuizoea dawa, kiasi kwamba haifai kuisitisha ghafla, ni jambo la kawaida na si uraibu. Uraibu ni kuiandama dawa bila kujizuia hata pale inapoharibu maisha. Chupa huwekwa mahali ambapo mtoto hafiki, na kamwe haigawiwi kwa mtu mwingine, hata kama naye analalamika maumivu.

Wasiwasi wenye haki

Haitakuwa sawa kuwapuuza wale wanaosema kwamba Afrika ya Mashariki ina majeraha yake ya opioidi. Heroini imeharibu vijana wengi katika miji ya pwani, na tramadoli ya magendo imekuwa janga katika sehemu za Afrika Magharibi na Kaskazini. Wenye mamlaka wanaochelea kufungua milango hawana wasiwasi wa bure.

Lakini ulinzi na huduma si maadui. Ushahidi uko karibu: mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, opioidi inayochochea kipokezi cha mu kilekile, ili kuwatibu walioathirika kwa heroini. Mgonjwa huja, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, na jina lake huandikwa. Nchi iliyoweza kuitumia opioidi kwa utaratibu ili kumtoa mtu katika uraibu inaweza kuitumia kwa utaratibu ili kumtoa mwingine katika mateso. Heroini ya mitaani haikutoka katika kabati la tiba shufaa, na kulifunga kabati hilo hakutaizuia. Anayeadhibiwa kwa kufuli hilo ni mgonjwa ambaye hakuvunja sheria yoyote.

Kipimo cha dawa mpya

Kwa hiyo, opioidi mpya zinapotangazwa, zipokelewe kwa masharti ya watu wanaojua wanachokitafuta. Kwanza, ioneshwe kwamba usalama wake umepimwa kwa binadamu wenye maradhi yanayofanana na ya hapa, si kwa panya peke yao wala kwa waliopasuliwa kidole cha mguu peke yao. Pili, ilinganishwe na mofini ya kunywa iliyotolewa vizuri, si na mofini ya kufikirika iliyojaa vitisho. Tatu, bei yake na namna ya kuihifadhi iruhusu kuifikisha katika kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika. Nne, nalokisoni, dawa inayoiondoa opioidi katika kipokezi na kurudisha pumzi, iwepo popote opioidi inapotolewa kwa sindano, na wahudumu wafundishwe kuitumia. Dawa itakayotimiza masharti hayo itakuwa imestahili kukaribishwa kwa mikono miwili.

Hadi itakapofika, wajibu wa kila mmoja unajulikana. Mwalimu wa tiba aufundishe upimaji wa maumivu kwa uzito uleule anaoupa upimaji wa mapigo ya moyo. Mfamasia wa wilaya aagize kwa makadirio ya wagonjwa alionao, si kwa hofu ya ukaguzi. Muuguzi amuulize mgonjwa maumivu yake ni kiasi gani katika ngazi ya 0 hadi 10, aandike jibu, na arudi kuuliza tena baada ya dawa. Mgonjwa na jamaa zake waseme bila kuona haya, kwa kuwa kuvumilia kimya hakumponyi mtu. Na bunge na wizara ziangalie upya kanuni zinazomruhusu daktari pekee kuandika mofini katika maeneo ambayo daktari haonekani kwa wiki nzima.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala mpya unaweza kuwa mzuri, na siku ukitandikwa hapa, watu wa hapa wausalie. Lakini mbacha uliopo unatosha kumlaza mgonjwa usiku wa leo, na kumnyima kwa sababu ya uzuri wa kitu ambacho hakijafika ni kosa ambalo hakuna molekuli yoyote, hata ikiwa bora namna gani, itakayokuja kulifuta.